Futa Moja, Bakiza Moja

Kama gazeti la wiki iliyopita lilifungiwa maandazi kabla hujalisoma, usihangaike. Tutakusogezea kiti ukae, kisha twende pamoja.

Tulimwacha Kemilembe, Mhaya wa Muleba, kwenye kibanda chake cha kurusha nyimbo pale Kirumba, karibu na soko la samaki la Mwaloni. Mumewe, Pius Chenge, Msukuma wa Magu na mfanyabiashara wa dagaa, yuko visiwani kama kawaida yake. Binti yao Koku yuko shule ya bweni. Nyumba yao kule Ilemela, kwenye kiwanja ambacho marehemu baba yake Kemilembe alimpa mbele ya ukoo, imegoma kwenye lenta, haipandi wala haishuki.

Kwanza Pius alisema dagaa wameadimika. Kisha akasema nyuki wamehamia kwenye lile jiwe kubwa lililo nyuma ya kiwanja, lile lenye mkuyu ulioota juu yake. Mafundi wamekimbia, na mkewe asikanyage huko mpaka nyuki watolewe.

Kemilembe aliamini habari ya nyuki. Usimcheke. Ukimpenda mtu, hata nyuki wake unawaamini.

Na hati ya kiwanja? Hati iko Nyakato, kwa kaka yake Rweyemamu, msimamizi wa mirathi ya baba yao. Chumba cha kupanga si mahali pa kutunza hati, kaka alisema, maji yakivuja je? Hilo nalo Kemilembe aliliamini.

Basi asubuhi hiyo simu ikalia. Alikuwa Pius.

"Mama Koku, umeamkaje?"

"Salama, baba Koku. Huko vipi?"

"Huku kwema. Sikiliza, ile kompyuta yako bado imejaa?"

Kemilembe alishangaa. Tangu afungue kibanda, Pius hakuwahi kuulizia kompyuta. Alikuwa akiiita "lile lijiko lako", basi.

"Imejaa mpaka inagoma kupokea nyimbo mpya."

"Unaona? Albamu moja unaiweka mara mbili mbili, za nini? Kaa leo ufute zilizojirudia. Anza na huyu manju Shimba, mwimbaji wetu wa Kisukuma. Toleo lake la nne liko mara mbili. Futa moja, bakiza moja."

"Nibakize ipi?"

"Ya zamani. Hiyo iliyoingia juzi juzi iondoe. Umesikia, mke wangu?"

"Nimesikia."

Mke wangu! Neno hilo Kemilembe hakulisikia tangu mvua za vuli. Akakaa kwenye kompyuta akitabasamu peke yake.

Kwa asiyeijua kazi hii, watu wa Mwaloni huenda visiwani wakakaa huko mwezi mzima, na huko mtandao ni wa kubahatisha. Kwa hiyo mtu hubeba nyimbo kama anavyobeba unga na sabuni. Analeta kadi ya memori au flashi, Kemilembe anamrushia, safari njema. Kwaya, bongofleva, rumba za zamani, na zaidi ya zote nyimbo za asili za Kisukuma.

Hizo za Kisukuma alizijua zote kwa midundo na picha za majalada, lakini maneno hapana. Kisukuma chake kiliishia kwenye salamu ya asubuhi, "mwangaluka", na hiyo nayo aliitamka kwa madaha ya Kihaya mpaka wateja wakamwita Nshomile, yaani msomi.

Namna yake ya kufuta ilikuwa rahisi. Alifungua folda mbili zinazofanana, akalinganisha majina ya nyimbo, akasikiliza mwanzo wa kila wimbo. Mianzo ikifanana, folda moja inakwenda na maji. Kufikia saa nne alikuwa ameshaondoa kwaya moja iliyojirudia mara tatu, rumba moja iliyoandikwa namba tupu, na albamu ya taarabu ambayo hakumbuki nani aliileta. Kompyuta ikaanza kupumua.

Akafika kwa Shimba.

Folda mbili, picha moja: Shimba na kofia yake ya manyoya, usinga mkononi. Majina ya nyimbo yaleyale. Akasikiliza mwanzo wa folda ya kwanza, kisha wa ya pili. Gitaa lilelile, ngoma ileile, sauti ileile ya Shimba akikohoa kidogo kabla ya kuanza. Kweli zimejirudia, akasema moyoni. Pius hakukosea.

Hiyo ya pili aliikumbuka ilivyoingia. Ililetwa na dada mmoja mpole aliyevaa mabuti meupe ya wale wanaotoa minofu ya samaki kiwandani. "Dada, nina wimbo wa Shimba hapa," alimwambia. "Weka kwenye kompyuta yako, wateja wataupenda." Akaacha flashi yake, akasema ataifuata siku nyingine. Flashi ilikuwa bado kwenye droo. Na kweli wateja waliupenda. Tangu siku ile, kila aliyeingia aliulizia Shimba, na Kemilembe alimfungulia spika nje mchana kutwa.

Kabla hajafuta, akaingia Obedi, mvuvi wa karabai, mteja wake wa siku nyingi. Akatoa kadi na noti.

"Mama Koku, nirushie Shimba. Ule wa nyumba."

Kemilembe akaichomeka kadi, akaanza kumrushia folda ya pili kwa kuwa ndiyo iliyokuwa wazi. "Wa nyumba ndio upi? Hapa kuna toleo la nne tu."

"Hilo hilo, ila si la zamani. La zamani anamwimbia yule tajiri wa Misungwi. Mimi nataka hili jipya."

"Ni kitu kimoja, Obedi. Kimejirudia tu. Nikishakurushia nafuta."

Obedi akacheka, kisha kicheko kikamkatikia njiani.

"Unafuta? Kwa hiyo sasa ndiyo umekasirika?"

"Nikasirike kwa lipi?"

Obedi akamtazama, akaitazama kompyuta, akatazama mlango. Kadi ilikuwa imeshajaa. Akaichomoa mwenyewe.

"Si neno, mama. Nawahi mtumbwi."

Akatoka bila hata kudai chenji yake. Mvuvi wa Mwaloni akisahau chenji, jua kuna jambo.

Kemilembe akairudia folda ya pili. Safari hii hakusikiliza mwanzo. Aliuacha wimbo wa nyumba uende wenyewe mpaka katikati, mahali ambapo sikio lake halikuwahi kufika. Hapo gitaa likashuka, na Shimba akaanza kutaja majina ya watu, moja baada ya jingine, kwa ile sauti yake ya kuita ng'ombe.

Ndipo akalisikia. Pius, ng'wana Chenge.

Akarudisha nyuma. Akasikiliza tena. Pius, ng'wana Chenge. Na mara baada yake jina la mwanamke, Selina.

"Ng'washi!" akaita. "Ng'washi, njoo mara moja!"

Ng'washi ni jirani yake, mkaanga samaki, Msukuma wa Magu vilevile, mcheshi wa kuvunja mbavu. Alikuja akijifuta mafuta kwenye kanga.

"Huyu Shimba anasema nini hapa?"

Ng'washi akasikiliza kidogo. "Si unajua."

"Sijui. Kisukuma mimi nimekijulia wapi?"

Uso wa Ng'washi ukabadilika. Akavuta ndoo, akaketi juu yake taratibu.

"Mungu wangu. Mama Koku, hujui?"

"Nisichokijua ni kipi?"

"Wewe si ndiye unayeupiga wimbo huu kwa spika kila siku! Sisi huko nje tukasema, huyu Mhaya ana moyo. Kaletewa mke mwenzie, na bado anawatangazia watu kwa mkono wake mwenyewe. Wengine wakasema ndiyo usomi huo. Mimi nilikuheshimu, haki ya Mungu. Nilimwambia hata mume wangu, tazama mwanamke aliyekubali."

Kemilembe akanyoosha kidole kwenye kompyuta.

"Lakini albamu ni ileile, Ng'washi. Nimelinganisha. Hata kikohozi ni kilekile."

"Nyimbo za mialiko ndivyo zilivyo, shoga yangu. Mtu akifungua nyumba anamwita manju. Manju anachukua wimbo wake uleule, anatoa majina ya yule, anatia ya huyu. Ngoma haibadiliki. Ukisikiliza mwanzo tu, utasema ni kimoja."

"Nieleze basi. Neno kwa neno."

Ng'washi akasogeza ndoo karibu na spika. "Anasimulia watu walivyokwenda Ilemela kufungua nyumba ya Pius mtoto wa Chenge. Nyumba ya bati jekundu. Anasema hutapotea njia, iko chini ya jiwe lenye mkuyu juu yake. Mama mwenye nyumba ni Selina, aliyemzalia Pius mtoto wa kiume, na mtoto amepewa jina la babu."

"Jiwe lenye mkuyu?"

"Ndivyo anavyosema."

"Hakutaja nyuki?"

"Nyuki wa nini?"

Kemilembe akacheka. Kilikuwa kicheko kibaya, cha mtu anayetaka kutapika. Jiwe lile alilipanda akiwa msichana, siku baba yake alipomwonesha mipaka. Baba alimwambia, "Hapa ni pako, hata ukiachwa na dunia nzima." Leo juu ya kiwanja hicho kuna bati jekundu, na chini ya bati kuna mwanamke mwingine ananyonyesha.

"Kuna kipande cha mwisho," Ng'washi akasema kwa sauti ya chini. "Anawashukuru wageni..."

"Inatosha!"

Akauzima wimbo. Ng'washi akainuka, akarudi kwenye kikaango chake.

Niseme ukweli, Kemilembe hakulia. Aliona aibu kwanza, aibu iliyomchoma kuanzia shingoni. Aliwakumbuka wavuvi wote aliowarushia, wachuuzi, mama wauza dagaa, makuli wa sokoni. Kila simu pale Mwaloni ilikuwa na habari ya kuibiwa kwake, na yeye ndiye aliyeitia humo, akauliza na "nikuongezee nyingine?" Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hawakusema kwamba wakati mwingine nguo hiyo unaifua mwenyewe na kuipiga pasi.

Akampigia Pius. Simu ilipokelewa kabla haijaita mara ya pili.

"Umefuta?"

"Nimefuta," Kemilembe akadanganya.

Akamsikia akishusha pumzi. "Ahsante, mke wangu. Sasa kompyuta itakuwa nyepesi."

"Na nyuki, baba Koku? Wametoka?"

"Nyuki bado. Wakali mno msimu huu. Usije ukathubutu kwenda."

"Hebu niambie kitu kimoja. Ulijuaje kama Shimba yuko humu mara mbili? Hujakanyaga kibandani tangu Pasaka."

Upande wa pili Pius akapuliza kwenye simu, fuu, fuu.

"Mtandao unakatika," Pius akasema. Na kweli, ukakatika.

Sasa ndugu msomaji, ungekuwa wewe ungemwita nani? Kemilembe alimwita mtu ambaye hata angeamshwa usingizini angemtaja. Baba alipofariki, Rweyemamu ndiye aliyemshika mkono kaburini. Alipotaka kuolewa na Msukuma na shangazi zao wakanuna, Rweyemamu ndiye aliyesema mwacheni. Damu nzito kuliko maji.

"Kaka, Pius amenimaliza."

Akamweleza yote, wimbo, flashi ya yule dada, jiwe, bati jekundu, Selina na mtoto. Upande wa pili Rweyemamu alisikiliza bila kumkatiza.

"Nani mwingine anajua?" akauliza mwishowe.

"Soko zima, kaka. Mimi tu ndiye nisiyejua."

"Usiseme na mtu tena. Usirushe, usifute. Nakuja."

"Na hati? Hati ipo?"

"Hati ipo, Kemi. Lini nimekuangusha?"

Hapo ndipo Kemilembe alipolia. Alilia kwa nafuu, akainamia kicharazio mpaka kompyuta ikaanza kulalamika kwa milio. Pius achukue mapenzi yake aende nayo. Kiwanja kipo. Hati ipo. Kaka yupo.

Rweyemamu alifika akiwa na shati lake jeupe la ofisini, amekunja mikono. Kabla ya salamu alitia mkono mfukoni, akatoa kile kifuko chake cha kahawa za kutafuna, akammiminia punje kiganjani. Alikuwa na desturi hiyo, aliirithi kwa babu yao. Popote aingiapo, msibani, harusini, hata benki, lazima agawe kahawa kwanza.

"Tafuna, utulie."

Kemilembe akatia mdomoni. Akamsogezea kiti. Rweyemamu akakikataa.

"Nionyeshe."

Akamwonyesha folda mbili. Kaka mtu akaziangalia muda mrefu, lakini hakuomba kusikiliza. Hilo Kemilembe alilikumbuka baadaye.

"Futa zote mbili," akasema.

"Zote? Si uliniambia nisifute?"

"Nilitaka kwanza nione mwenyewe. Sasa nimeona. Futa ya zamani na mpya, mtu asije akazilinganisha tena. Na ile flashi aliyoacha huyo mwanamke nipe mimi niitunze."

"Kaka, huu si ndio ushahidi wangu?"

"Ushahidi wa nini, Kemi? Utasimama mbele ya baraza la kata useme manju ameimba? Watakucheka mpaka Bukoba. Wewe ni binti wa mwalimu. Mambo ya ukoo hayamalizwi kwa spika. Niachie mimi, nitakaa na Pius kama mwanamume na mwanamume."

Maneno yake yalikuwa na mpangilio mzuri. Rweyemamu alisoma, na alijua kuzungumza. Kemilembe akaona kweli, atampeleka nani mahakamani na wimbo asioujua hata maana? Akazichagua folda zote mbili. Kompyuta ikauliza kama ana uhakika. Akaweka kidole.

Sasa Obedi, yule mvuvi, mtumbwi wake ulikuwa umechelewa. Alikuwa amekaa nje kwenye makreti ya samaki, kadi mpya ameitia kwenye redio yake ndogo, anaburudika. Wimbo wa nyumba ulikuwa umepita mwanzo, umepita katikati, umefika kile kipande cha mwisho ambacho Kemilembe alikataa kukisikia.

Shimba akaanza kushukuru wageni. Akataja huyu, akataja yule. Kisha akavuta sauti, gitaa likamngoja, akataja jina moja kwa kulikokota ili kila mtu alisikie.

Rweyemamu.

Kidole cha Kemilembe kikabaki juu ya kitufe. Wasukuma wangapi wanaitwa Rweyemamu? Hata mimi ninayesimulia simjui hata mmoja.

Kaka yake akakohoa. "Bonyeza, Kemi."

"Ng'washi!" Kemilembe akaita bila kugeuka. "Huko nje anasema nini?"

Ng'washi alikuwa amesimama na kijiko cha kukaangia mkononi, macho kwa mgeni. "Mama Koku, nina samaki motoni."

"Nakuomba kwa jina la Mungu. Anasema nini?"

Ng'washi akakiweka kijiko chini.

"Anamshukuru mgeni wa heshima, Mhaya wa ng'ambo ya ziwa. Anasema aliwagawia wazee kahawa za kutafuna. Kisha akasimama mbele ya watu wote, akamkabidhi Pius hati ya kiwanja."

Kahawa ikawa chungu mdomoni mwa Kemilembe. Akaitema kiganjani, akaziweka punje zile mezani mbele ya kaka yake.

"Hati iko wapi?"

"Kemi, tusikilizane."

"Hati ya baba iko wapi?"

Rweyemamu akatazama nje, akashusha sauti. "Nilimuuzia mume wako. Mume wako, si mtu baki! Kiwanja kimebaki kwenu. Wewe unalia nini?"

"Uliuza kiwanja changu kwa mume wangu, ili amuweke mwanamke mwingine?"

"Baba alikuwa mgonjwa siku zile, hakujua analosema. Kwetu binti hapewi ardhi akaondoka nayo kwenda kwa watu. Unajua hivyo. Shangazi zako wote wanajua hivyo."

"Kwa hiyo ulikwenda. Ukakaa kwenye kivuli cha jiwe la baba, ukala wali wao, ukambeba na mtoto. Halafu ukapita kwangu ukaniletea senene, ukaniuliza naendeleaje."

Na Kemilembe, aliyemvumilia Pius, akavumilia na soko zima, hapo ndipo moyo wake ulipopasuka. Mume ni mtu uliyemkuta ukubwani. Huyu walinyonya titi moja.

Ghafla Rweyemamu akainama chini ya meza, akashika waya wa umeme, akauvuta kwa nguvu. Kompyuta ikazimika. Feni ikanyamaza. Kibanda kikawa kimya.

Lakini nje Shimba aliendelea. Redio ya Obedi ilikuwa na betri yake. Na kule mbele, kwenye meza za dagaa, simu ya mtu mwingine ilikuwa ikiimba wimbo uleule, nyuma kidogo, bado iko kwenye bati jekundu.

"Hodi."

Wote wakageuka. Mlangoni alisimama yule dada mpole wa mabuti meupe. Mgongoni alikuwa amembeba mtoto, amelala.

Alimtazama Rweyemamu kwanza. "Shikamoo, kaka," akasema.

Rweyemamu hakuitikia marahaba. Huku kwetu mtu mzima asipoitikia shikamoo, ama amekulaani ama amekuogopa. Jasho la Rweyemamu lilionesha ni lipi kati ya hayo.

"Dada, nimefuata flashi yangu," yule dada akamwambia Kemilembe. Akaona kompyuta imezimwa, akaona waya chini, akaona punje za kahawa mezani. "Uliusikiliza mpaka mwisho?"

"Wewe ndiye Selina."

"Ni mimi."

"Ulileta wimbo wako hapa makusudi."

"Makusudi. Nilishindwa kukueleza kwa mdomo. Wiki ile kuna mtu kiwandani aliniambia Pius Chenge ana mke ana kibanda cha nyimbo Kirumba. Nikasema ni uongo. Nikaja kuhakikisha kwa macho." Akagusa shavu lake. "Pius nikamwambia nimeuleta huku. Akanipiga, dada. Ndipo nikajua ni wewe kweli."

"Ulifikiri mimi ni nani?"

Selina akamrekebisha mtoto mgongoni. Rweyemamu alikuwa ameanza kusogea kuelekea mlangoni, lakini Ng'washi alishaburuta jiko lake akaliweka kizingitini, mafuta yanachemka, na yeye amekaa pembeni yake kama mtu aliyekosa mahali pengine pa kukaangia.

"Mimi niliambiwa umekufa," Selina akasema. "Pius alisema ni mjane. Nikamwambia siolewi kwa maneno matupu, nataka kusikia kwa ndugu wa marehemu. Akaniletea huyu hapa. Alikaa kwa mama yangu, akagawa kahawa, akalia machozi kabisa. Akasema alikuzika yeye mwenyewe, Muleba, kwenye migomba ya baba yenu."

Nje Shimba alimaliza wimbo, zikabaki kelele za makuli wanaopigana na mizigo na za kunguru.

Kemilembe akachukua kile kiti ambacho kaka yake alikataa kukikalia, akakivuta mpaka kwa Selina. "Kaa, mdogo wangu, mtoto mzito huyo," akamwambia.

Kisha akamgeukia Rweyemamu. Hakupiga kelele. Aliuliza kwa upole, kama mdogo anavyomuuliza mkubwa wake habari za nyumbani.

"Kaka, nilikufa kwa ugonjwa gani?"